Mnyororo wa Bosi

Asubuhi ile Xaveria alikuwa ameinama kwenye karai nyuma ya nyumba yao pale Bagara, mjini Babati, anakwangua soli ya kiatu chake cheupe kwa kijiti, uso kaukunja kama mtu aliyetafuna mwarobaini. Tomi alikuwa amejisaidia tena mlangoni. Na hayakuwa mavi ya kueleweka, yalikuwa yale mepesi ya njano, yana punje za mahindi ndani, na soli ya kiatu chake ilikuwa na mistari midogo midogo ya kuyahifadhi.

"Mama, huyu mbwa ataniua!"

"Atakuuaje na wewe hata kumgusa humgusi?" mama yake alijibu kutoka jikoni. "Maliza upesi. Leo kuna chanjo ya mbwa kule uwanjani, na mimi mguu huu haufiki. Utampeleka wewe."

"Mimi? Na gauni hili?"

"Kwani mbwa ataliomba?"

Xaveria alikuwa msusi, saluni yao iko karibu na soko, na kinyaa alizaliwa nacho. Kikombe kikitoka kabatini anakisuuza tena ndo anywe. Kichwa chenye mba anakisuka na glavu. Mbwa mwenyewe mama alimchukua kwa jirani baada ya wezi kukomba kuku wote bandani, na tangu siku hiyo Xaveria alikuwa akipita upande wa pili wa ua kama vile Tomi ni dimbwi.

Basi akatoka. Gauni la kitenge la njano lenye mikono ya puto, nywele kazibana juu, midomo inang'aa, na mkononi kamba ya katani yenye mbwa.

Uwanjani alitamani ardhi ipasuke. Mbwa wa Babati nzima walikuwa pale. Wamefungwa mipira ya baiskeli, wamefungwa mikanda ya suruali, wengine wamebebwa kwenye viroba vichwa vimetokeza. Wanabweka, wanapandana, wanakojoleana, na mate yanawaning'inia kama uzi wa bamia. Vumbi limechanganyika na manyoya. Mzee mmoja alikuwa anapasua kupe kwa kucha ya dole gumba, halafu kwa dole hilohilo akajipangusa jicho.

Tomi akagoma. Xaveria akavuta. Tomi akakaza miguu minne. Xaveria akavuta kwa nguvu zote, Tomi akakohoa, akakohoa tena, akatapika vichwa vya dagaa kwenye pindo la gauni la njano.

"Yesu wangu!"

"Dada, legeza kamba," sauti ilisema nyuma yake. "Ukivuta na yeye anavuta. Ndivyo walivyo. Simama tu, usimwangalie. Akilegeza yeye ndo unatembea."

Aligeuka. Kijana mrefu, ovaroli ya kijani iliyopigwa pasi, buti za mvua, glavu nyeupe mikononi. Na alikuwa ananukia spiriti. Jamani, katika uvundo wote ule, mtu mmoja ananukia spiriti! Xaveria alilegeza kamba, na kama mwili mzima ulilegea nayo.

Tomi alisimama kidogo, akanusa buti la yule kijana, akasogea mwenyewe.

"Umeona? Sasa mwambie asante."

"Nimwambie nani?"

"Mbwa."

"Mbwa kanitapikia gauni halafu nimwambie asante?"

"Katapika kwa hofu na kukabwa. Wewe ukiogopa unafanyaje?"

"Mimi nalia kistaarabu."

Yule kijana alicheka mpaka sindano ikatikisika. Anaitwa Ombeni. Ana duka la dawa za mifugo karibu na stendi, na siku za chanjo anakwenda kusaidia wataalamu. Mjini walimtania wakimwita Dokta Mbwa.

"Nipe namba yako," alisema akimaliza kumchoma Tomi. "Nikukumbushe chanjo ya mwakani."

"Kwa hiyo utanipigia mwakani?"

"Nitaanza mazoezi leo jioni."

Na kweli jioni alipiga.

"Mambo, dada wa gauni la dagaa."

"Poa, Dokta Mbwa. Nimelifua na limegoma kutakata."

"Tomi kala nini leo?"

Wasichana wengine wanaulizwa wamekula nini wao. Xaveria aliulizwa Tomi kala nini. Lakini zile simu zikawa tamu. Ombeni alimwambia asimmwagie Tomi makoko ya ugali na maji ya kuoshea vyungu, ndo maana anaharisha, ampikie na dagaa kidogo, aache kumpa mifupa ya kuku iliyopikwa, inachoma utumbo. Maji safi yasikosekane. Akijisaidia mlangoni asimpige baadaye.

"Mbwa hakumbuki kosa la asubuhi," alisema. "Anachojua ni kwamba mkono wako unauma. Akifanya palipo sawa, hapohapo msifu. Tumia sauti nzuri, kama hii unayoongea na mimi."

"Sauti hii siyo ya mbwa."

"Najua, mamii. Ndo maana nimelala chali nasikiliza."

Siku Tomi alipojaa kupe masikioni, wamevimba kama mbegu za mbono, Xaveria alipiga simu huku analia.

"Una kibanio cha nyusi?" Ombeni aliuliza.

"Ninacho, cha kazini... Ombeni! Hapana!"

"Mshike kupe karibu kabisa na ngozi, vuta taratibu, moja kwa moja. Usimpasue. Usipake mafuta ya taa wala oili chafu, ile ni sumu, akijilamba umempoteza. Weka simu spika, nipo na wewe."

Alimtoa wa kwanza, akatema mate. Akamtoa wa pili, akaona miguu yake inachezacheza hewani, akakimbilia migombani akatapika chai yote. Akarudi. Ombeni huko simuni anamwambia "ndo hivyo, malkia wangu, ndo hivyo". Kibanio alikitupa chooni, lakini siku hiyo ndo alijua kapenda. Kwa kinyaa alichonacho, mtu amtoe kupe asipopenda?

Wakawa wanatembea jioni kandokando ya ziwa, Tomi katikati, kamba imelegea. Wauza perege wakawa wanawazoea. Ombeni akasema wakishavuna mbaazi, wazee wake watakuja kwa mama.

"Mzee wako anajua habari zangu?"

"Mzee? Anakusalimia kila siku."

"Basi nipeleke kwenu Sigino nikampe shikamoo yangu mwenyewe."

"Sigino vumbi, bebi. Utachafua viatu."

Kila akiomba, vumbi. Naye kwa kupenda viatu vyake, akaridhika.

Ikatokea Ombeni akashikwa homa. Duka likafungwa. Kwenye simu sauti imekauka, anasema usijali. Xaveria hakuweza kutojali. Alipika uji wa ulezi, akaweka kwenye chupa, akavaa sketi ndefu ya bluu na blauzi nyeupe ya kuonwa na mkwe, akapanda bajaji mpaka Sigino. Akauliza kwa mzee Sosthenes, baba yake Ombeni, akaonyeshwa.

Nyumba nzuri, ua umefagiwa, maua mlangoni. Akapiga hodi, kimya. Akazunguka nyuma.

Harufu ndo ilimpokea. Harufu ya panya aliyefia darini, tamu na nzito, inaingia mpaka kwenye mate. Nyuma ya banda la ng'ombe kulikuwa na mbwa mkubwa wa kahawia, kafungwa kwenye mti kwa mnyororo wa ng'ombe, mfupi, hata kulala vizuri hawezi. Kalala juu ya mavi yake, mabichi juu ya makavu. Sufuria ya maji ina ukoko wa kijani. Pembeni bonge la ugali limepigwa pilipili mpaka jekundu, nzi wametua wameacha.

Na shingo. Mnyororo hauonekani, nyama imevimba imeumeza. Usaha unachuruzika, na ndani ya usaha kuna kitu kinatembea. Xaveria alisogea kidogo ahakikishe, akajuta. Funza. Wengi, weupe, wanapishana kama watu wa gulio.

Alitapika palepale kwenye kona ya banda. Akajifuta. Mguu mmoja ulikuwa tayari unakimbia. Lakini mbwa hakubweka, alimwangalia tu, halafu akaangalia ile sufuria.

Akakumbuka masomo ya simuni. Akageuka ubavu, akachuchumaa mbali ya mnyororo, hakumkazia macho. Kwa kijiti akaivuta sufuria. Akaisugua kwa mchanga mikono mitupu, ukoko ukimwingia kuchani, akajaza maji bombani, akaisukuma taratibu. Yule mbwa alikunywa kwa kuegemeza kichwa pembeni, maana shingo haikunji. Alikunywa mpaka akasikika akigonga sufuria kwa meno.

"Xaveria?"

Ombeni alikuwa kasimama mlango wa nyuma, kajifunga shuka, macho yamezama.

"Huyu mbwa wa nani?"

"Umekujaje bila..."

"Nakuuliza huyu wa nani?"

"Wa mzee. Bosi. Mzee anasema mbwa akishazoea mikono ya watu, ulinzi umekwisha. Afungwe, ale pilipili, ndo anakuwa mkali. Ni mambo ya zamani, unajua wazee."

"Na wewe? Unayefundisha Babati nzima?"

"Nilishamwambia mara moja. Alinikaripia. Ningefanyaje?"

Kabla hajajibiwa, mzee Sosthenes akatokea toka shambani, jembe begani, koti la kazi, uso mpole tu wa mzee wa kanisani.

"Shikamoo, baba," Xaveria alipiga goti.

"Marahaba, binti. Karibu sana. Wewe ni wa nani?"

Xaveria alimgeukia Ombeni. Anakusalimia kila siku, si ndivyo? Basi.

Ombeni akamgeukia mzee.

"Ni mteja, baba. Kaja kuulizia dawa."

"Aa," mzee alisema. Akaiona sufuria. "Na maji kampa nani mbwa?"

Ombeni akaangalia chini, akakaza shuka kiunoni.

"Nimempa mimi, baba," Xaveria alisema. "Alikuwa na kiu. Na shingo yake inaliwa na funza."

Mzee akamwangalia mwanawe kama anayengoja. Mwanawe alikuwa anahesabu vidole vya miguu.

Xaveria aliweka chupa ya uji kwenye ngazi, akaondoka kwa miguu mpaka barabarani. Alinusa vidole vyake, vinanuka ukoko. Ajabu hakuona shida navyo. Kinyaa kilikuwa kimemjaa mpaka kooni, lakini kilikuwa kimehama. Alikuwa akiiwaza ile mikono yenye glavu, ile harufu ya spiriti, inalala kila siku hatua chache kutoka kwenye ile shingo, inaamka, inavaa ovaroli ya pasi, inakuja mjini kumwambia yeye: mbwa msifu, mbwa mpe maji.

Simu zilipigwa jioni yote. Mwisho akapokea.

"Bebi, nimelia."

"Kistaarabu?"

"Usinitanie basi. Humjui mzee."

"Nitamjuaje? Mimi si mteja?"

"Nilitafuta siku nzuri ya kumwambia, mpenzi wangu. Nakupenda mpaka naumwa."

"Na Bosi naye anasubiri siku nzuri?"

Simuni nzi mmoja alisikika, au ni mtandao.

"Xaveria, usiniache kwa ajili ya mbwa."

"Sijasema nakuacha. Mimi nakupenda, na hilo ndo linanichefua. Sikiliza. Kesho mfungue mbele ya mzee. Msafishe ile shingo, wewe unajua dawa. Ukimaliza, mwambie jina langu. Vyote siku moja."

"Nitafanya. Naapa haki ya..."

"Usiape. Si ulinifundisha mbwa hafuati maneno, anafuata ulichofanya? Niweke kundi hilo."

Mama yake, aliyekuwa anachambua mchicha na kusikia yote, alitingisha kichwa. "Uchumba uvunjike kwa sababu ya mbwa? Watu watatucheka, mwanangu. Kijana mzuri, ana duka lake."

"Mama, ungeiona ile shingo."

"Nimeziona nyingi," mama alisema. Akachambua majani mengine mawili matatu. "Yule mbwa wa zamani wa baba yako pia alikuwa nayo. Nilikuwa napita upande mwingine wa ua."

Kesho yake Xaveria alikwenda kazini na Tomi, akamlaza chini ya benchi. Asubuhi ikapita. Mchana ukaja, redio ya duka la jirani ikasoma habari, jua likageukia upande wa ziwa. Alikuwa anamsuka mteja mmoja, Rosemary, msichana wa stendi mwenye maneno mengi, lakini hata maneno hayo hayakuingia. Duka la Ombeni lilikuwa wazi. Rosemary mwenyewe kalisema bila kuulizwa: "Dokta Mbwa kapona. Nimempita saa hizi anacheka na wateja, kanyooka kweli."

Xaveria alifuta gel vidoleni, akachukua simu. Hakuandika bebi wala mpenzi, wala hakuweka ua.

*Umemfungua?*

Tiki moja. Tiki mbili. Zikawa bluu.

Juu ya skrini pakatokea: anaandika. Pakatulia. Pakatokea tena: anaandika. Tomi akainua kichwa chini ya benchi, kama kasikia mtu mlangoni, kisha akakirudisha.

Pakazima.

"Dada, mbona umeacha?" Rosemary aliuliza, rasta moja inaning'inia nusu.

"Naendelea," Xaveria alisema. Akaisimamisha simu kwenye kioo, akashika nywele, na kila rasta aliyoimaliza, aliiangalia.