Subilaga na Mlango wa Kukunja

Huyu ni Subilaga Mwakalukwa. Ana miaka sita. Anaishi Ikomelo, chini ya Mlima Rungwe, mahali penye chai nyingi na ukungu mwingi.

Mama yake anaitwa Ngwitika. Mama anafanya kazi katika kiwanda cha chai. Anajaza chai kavu kwenye mifuko mikubwa.

Baba yuko mbali, Tunduma. Bibi Tupokigwe, aliyekuwa akikaa na Subilaga, alifariki wakati wa mvua.

Kwa hiyo Subilaga akitoka shule haendi nyumbani. Nyumbani hakuna mtu.

Anakwenda kiwandani. Anakaa nje, chini ya paa, mbele ya mlango mkubwa wa bati. Watoto hawaruhusiwi kuingia. Ndani kuna mashine.

Anatandika mkeka wake mdogo wa matete. Bibi Tupokigwe ndiye aliyemtengenezea. Anakaa. Anangoja.

Mama yuko ndani.
Subilaga yuko nje.

Mlango wa bati ulikuwa mzito. Wanaume wawili waliusukuma. Kwaruuu! Ulifunguka. Kwaruuu! Ulifungwa.

Haukufunguliwa mara nyingi. Ukungu wa Rungwe unapenda chai kavu. Ukiingia ndani, chai inalowa na kuharibika.

Subilaga aliijua misumari yote ya mlango ule. Ilikuwa kumi na tisa. Mmoja ulikuwa umepinda.

Siku moja aliweka sikio lake kwenye bati. Bati lilikuwa baridi. Ngurrr, ngurrr, zilisema mashine. Sauti ya mama haikusikika.

Mama yuko ndani.
Subilaga yuko nje.

Jumatatu alikuja mtu mwenye kofia ya bluu. Penseli ilikaa nyuma ya sikio lake. Mkononi alikuwa na utepe wa kupimia.

Alipima upana wa mlango. Alipima urefu wa mlango. Aliandika kwenye daftari. Kisha akamwona Subilaga.

"Shikamoo," alisema Subilaga.

"Marahaba. Unaitwa nani?"

"Subilaga."

"Subilaga nani?"

"Subilaga Mwakalukwa."

"Vizuri. Mimi ni Ambilikile Mwasapile. Ni fundi, natoka Mbeya. Nimekuja kubuni mlango mpya."

"Kubuni ni nini?"

Fundi alifikiri. "Ni kukiona kitu kichwani kabla hakijakuwepo."

Subilaga naye alifikiri. Yeye pia huona kichwani. Humwona mama.

"Mlango mpya utakuwaje?" aliuliza.

"Laini. Wa turubai. Utajikunja juu haraka, toroli litapita, kisha utashuka haraka. Ukungu hautapata nafasi."

"Utafunguka mara nyingi?"

"Kila toroli likipita."

Subilaga alihesabu matoroli ya siku moja kwenye vidole. Vidole vikaisha, matoroli yakabaki.

Nitamwona mama, aliwaza.

Jumanne fundi aliuondoa mlango wa bati. Akauegemeza ukutani. Juu ya uwazi akafunga bomba refu, na kwenye bomba akazungusha turubai la kijani. Kila upande aliweka reli, turubai lipite humo.

Alivuta mnyororo. Biri-biri-biri, juu! Alivuta tena. Biri-biri-biri, chini. Tup!

Toroli la kwanza likaja. Lilisukumwa na Lwitiko, kijana mrefu sana, mpenda mzaha.

Biri-biri-biri, juu! Na kule ndani, kati ya mifuko, kilionekana kitambaa chekundu cha kichwani.

Mama!

Biri-biri-biri, chini. Tup!

"Nimemwona," alinong'ona Subilaga. Hakuna aliyemsikia.

Kisha upepo ukashuka kutoka mlimani. Vuuuu! Turubai likavimba. Likawa tumbo kubwa la kijani.

"Fundi!" Lwitiko alicheka. "Mlango wako umeshiba! Umeulisha maharage?"

Vuuuu! Turubai likachomoka kwenye reli. Pata-pata-pata! Ukungu ukaingia ndani.

"Chai! Funikeni chai!" watu walipiga kelele.

Meneja alitoka. Jina lake Bwana Mwaisumo. Alifuta miwani yake iliyojaa ukungu.

"Fundi Mwasapile," alisema, "nakupa mpaka Ijumaa. Mlango huu usipotulia, tunarudi kwenye bati. Moja kwa moja."

Jioni ile mlango wa bati ulirudishwa mahali pake. Kwaruuu! Misumari kumi na tisa ilimtazama Subilaga.

Mama yuko ndani.
Subilaga yuko nje.

Jumatano fundi alikaa nje, chini ya paa, turubai mapajani. Subilaga naye alikaa kwenye mkeka wake.

Walikuwa wawili, lakini kila mmoja alikuwa peke yake.

Upepo ukaja tena. Ulikuwa na baridi kali. Subilaga akafanya kama anavyofanya siku zote. Alisimama, akauinua mkeka wake kwa mikono miwili, akajikinga nao usoni.

Mkeka ulining'inia mpaka miguuni. Vuuuu! Ulitikisika. Haukuvimba.

Fundi akaacha kufikiri, akatazama.

"Subilaga," alisema, "naomba niuone mkeka huo."

Subilaga aliukumbatia. "Ni wa Bibi Tupokigwe."

"Nitaushika kwa mikono miwili."

Subilaga alimtazama. Kisha akampa.

Fundi alipitisha kidole juu ya matete. Tete, kamba, tete, kamba. Aliukunja. Biri-biri-biri, ukawa mviringo.

"Huku unakunjika," alisema. Akajaribu upande wa pili. "Huku haukunjiki!"

"Matete hayataki," alisema Subilaga. "Bibi alisema mkeka unakunjwa upande mmoja tu. Ukiulazimisha, unavunjika."

Fundi alitoa penseli nyuma ya sikio. Alichora mstari mmoja. Akachora mwingine chini yake. Akachora mwingine, na mwingine.

"Turubai langu," alisema polepole, "halina matete."

Siku ile alikata fito nyembamba za mianzi. Alishona mifuko myembamba kwenye turubai, kutoka reli hadi reli. Subilaga alimpa ufito mmoja mmoja.

Ufito, turubai, ufito, turubai. Mpaka jua likazama.

Fundi alimrudishia Subilaga mkeka wake, kwa mikono miwili.

"Ndaga," alisema. Huko Rungwe, hivyo ndivyo watu wanavyoshukuru.

"Ndaga," alijibu Subilaga.

Alhamisi turubai lilipanda tena juu ya bomba. Biri-biri-biri, juu! Biri-biri-biri, chini. Tup!

Upepo ukashuka. Vuuuu! Turubai lilitikisika. Halikuvimba.

"Leo halijala kitu!" alisema Lwitiko.

Akasukuma toroli lake kabla mlango haujafika juu. Puu! Akaugonga. Mlango ukapinda kidogo, kisha ukanyooka wenyewe.

"Samahani, mlango," alisema Lwitiko.

"Umekusamehe," alisema fundi. "Mimi bado."

Katikati ya turubai, kati ya ufito na ufito, fundi alikuwa ameshona dirisha. Lilikuwa la plastiki laini, ili wasukuma toroli waonane, wasigongane.

Lwitiko alichungulia. "Naona mifuko! Naona mizani! Dada Ngwitika namwona yule pale!"

Subilaga alikimbia mlangoni. Alisimama kwa ncha za vidole. Dirisha lilikuwa juu.

Aliruka. Aliona taa ya darini.

Aliruka tena. Taa ileile.

Toroli likapita. Biri-biri-biri, juu! Kitambaa chekundu! Biri-biri-biri, chini. Tup! Mama alikuwa ameinama. Hakugeuka.

Mlango ulikuwa mzuri. Mlango mzuri hujifunga haraka.

Subilaga alirudi kwenye mkeka wake.

Mama yuko ndani.
Subilaga yuko nje.

Fundi alikuwa akikusanya vifaa vyake. "Subilaga, mlango unauonaje?"

"Mzuri."

"Na dirishani unaona nini?"

Subilaga hakutaka kumuumiza fundi. "Taa," alisema.

"Taa gani?"

"Ya juu."

Fundi aliweka chini nyundo yake. Alikwenda mlangoni, akapiga magoti, mpaka macho yake yakawa sawa na macho ya Subilaga. Alitazama mbele.

Aliona turubai. Turubai la kijani tu.

Akageuka, akamtazama Subilaga.

"Nilipima mlango," alisema. "Nilipima toroli. Nilimpima hata Lwitiko, na urefu wake wote ule. Wewe sikukupima."

Alivuta utepe kutoka sakafuni mpaka kwenye macho ya Subilaga.

"Usisimame kwa vidole," alisema. "Simama ulivyo."

Subilaga alisimama alivyo.

"Sentimita tisini na nane," alisema fundi. Akaandika.

Ijumaa Meneja alikuja. Alitazama mlango ukipanda. Alitazama mlango ukishuka. Alingoja upepo. Upepo ukaja, vuuuu, ukapita zake.

Aliingia ndani, akashika chai. Ilikuwa kavu.

Akatoka. Kisha akaona dirisha la pili, dogo, chini.

"Hili dogo ni la nani?" aliuliza.

Fundi alifungua mchoro wake. Karibu na dirisha la chini aliandika kwa penseli, herufi nzuri, zimenyooka. Meneja akasoma kwa sauti:

"Dirisha la Subilaga Mwakalukwa. Sentimita tisini na nane."

Meneja alimtazama mtoto kwenye mkeka. Alivua miwani. Aliifuta. Aliivaa tena.

"Subilaga Mwakalukwa," alisema, "njoo usimame hapa. Tuone kama fundi amepima sawasawa."

Subilaga alikwenda. Alisimama alivyo. Macho yake yalifika katikati ya dirisha, hasa.

Aliona mifuko. Aliona mizani. Aliona kitambaa chekundu. Mama alikuwa ameinama, akifunga mfuko.

Subilaga hakuita. Mashine zilikuwa zikinguruma. Alingoja tu. Kungoja alikujua.

Mama akamaliza fundo. Mama akanyoosha mgongo. Mama akainua kichwa.

Chini, kwenye mlango wa kijani, aliona macho mawili.

Mama akaweka mkono kifuani. Kisha akaupunga.

Subilaga akapunga wake.

"Amepima sawasawa," alisema Meneja taratibu. "Mlango unabaki."

Mchana ule fundi alifunga mfuko wake wa vifaa. Alivaa kofia yake ya bluu.

"Kwaheri, Subilaga Mwakalukwa."

"Kwaheri, Fundi Ambilikile Mwasapile."

Alishuka na njia ya katikati ya chai. Subilaga alimtazama mpaka ukungu ulipoificha kofia ya bluu.

Sasa hapakuwa na mtu tena chini ya paa. Palikuwa na mkeka, na Subilaga, na upepo.

Subilaga alikaa kidogo. Kisha akainuka, akaenda dirishani. Kitambaa chekundu kilikuwepo.

Mama yuko ndani.
Subilaga yuko nje.
Katikati kuna dirisha.

Jioni king'ora kililia. Biri-biri-biri, juu! Mama akatoka, vumbi la chai kwenye nyusi. Subilaga akaukunja mkeka, upande ule unaokubali. Wakashika njia ya nyumbani.

Walikula ndizi zilizopikwa pamoja na maharage. Mkeka wa Bibi Tupokigwe ulisimama kwenye kona yake. Mama alifunga mlango na kupunguza taa.

"Leo nimekuona mara saba," alisema mama, akimfunika Subilaga blanketi.

"Mimi nimekuona mara nane," alisema Subilaga.

"Ya nane ilikuwa lini?"

"Ulipokuwa hunitazami."

Mama alicheka kidogo. Akalala karibu yake, akamshika mkono.

Nje, ukungu wa Rungwe ulipita taratibu juu ya chai yote ya Ikomelo. Ulifika mlangoni. Haukupata nafasi.

Macho ya Subilaga yakaanza kushuka. Biri… biri… biri…

Mama yuko ndani.
Subilaga yuko ndani.

Tup.