Mota ya Mama Isabel

Kila alasiri, akitoka shule, Vania alifagia kibanda cha mashine ya kusaga kando ya nyumba yao, kijijini Mahurunga. Mota ya mashine ile ilitengenezwa kwa ajili ya umeme wa fezi tatu, na nyumba yao ilikuwa na fezi moja tu. Fundi Godfrey ndiye aliyeifungia kapasita, kifaa cha kuisaidia kuanza, ikakubali kuzunguka.

"Nguvu zake zimepungua," aliwaonya siku ile. "Iwasheni tupu. Ikishachanganya mwendo, tieni nafaka kidogo kidogo. Mkiijaza kwanza, itaungua."

Siku moja mama yake, Isabel, alikwenda msibani. Alimkataza Vania kugusa swichi. Lakini rafiki yake Jesca alikuja na ndoo ya mahindi yaliyokobolewa na kulowekwa, kama wasagavyo wengi huko, na Vania akatafuta ujiko, aonekane anaijua mashine. Aliyamimina mahindi yale mazito ya majimaji mpaka juu, ndipo akawasha.

Mota iliguna tu, haikuzunguka. Vania alisubiri, akidhani inajikusanyia nguvu. Harufu ya kuungua ilipomfikia alizima, akayazoa mahindi yote, akamsihi Jesca anyamaze.

Jioni Isabel alirudi, akawasha, mota kimya. Akamwita Godfrey. Wanawake waliokuja kusaga walikuwa wamejaa kibandani.

"Fundi, umenidanganya," Isabel alisema. "Mota hii haiwezi umeme wa nyumbani, nawe ulijua."

"Mama Vania, niliiacha ikisaga vizuri," Godfrey alijibu, macho chini.

Mwanamke mmoja akasema hata pampu yake hatampa tena aitengeneze. Vania alisikia, moyo ukamuuma. Aliogopa fimbo, lakini kumwona mtu mzima akivunjiwa heshima kwa kosa lake yeye kulimshinda.

"Mama, ni mimi," alisema, machozi yakimtoka. "Niliijaza mahindi kabla ya kuwasha."

Isabel alimgeukia fundi, mbele ya wanawake wale wale. "Nimekukosea, Fundi. Naomba unisamehe."

"Yameisha, mama," alisema Godfrey. Aliifungua mota, akazikagua nyaya. "Zimeungua, lakini nitazisuka upya."

Watu walipoondoka, Isabel alimkalisha binti yake. "Mota ikiungua inasukwa, mwanangu. Jina la mtu ukilichoma, fundi wa kulisuka hayupo. Leo umewahi kusema kabla halijateketea. Basi, mpaka mota irudi, wateja wetu utawatwangia wewe."

Alasiri iliyofuata Vania alishika mchi. Mahindi ya kwanza aliyotwanga yalitoka nyumbani kwa Fundi Godfrey.