Zawadi ya Bwana Bei

"Kila mwezi unauliza bei, kununua hununui! Wewe ni mteja au mchumba wa nyanya zangu?"

Mama muuza nyanya aliposema hivyo, watu wakaangua kicheko. Aliyesutwa alikuwa kijana mrefu, shati la buluu limenyooshwa pasi, kalamu sikioni, fomu mkononi. Wauzaji walimwita Bwana Bei, maana kazi yake ilikuwa kuzunguka sokoni akiandika bei kwa ajili ya ofisi ya takwimu. Nyuma yake, binti mwenye gauni la kijani na kikapu kitupu alicheka mpaka akajishika mbavu.

"Na wewe dada, unacheka nini?" Bwana Bei akamgeukia.

"Soko namba nne, sivyo? Huo mwandiko naujua. Saba yako ina mkia."

Bwana Bei akaduwaa. Binti alikuwa mtafiti wa benki kuu, mchumi hasa, na fomu zile zilimfikia mezani kila mwisho wa mwezi.

"Kumbe nakulisha namba miaka miwili, hata asante sijapata!"

"Asante. Haya, nunua nyanya, mama apumue."

Alinunua kilo tatu, na wakazila pamoja.

Sheria ya kazi ilikataza mtafiti kuwa na uhusiano na mkusanya bei. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, ila hawa wawili walikohoa ndani ya kiganja.

"Umekula, laazizi?" Bwana Bei huuliza kwenye simu.

"Nitakulaje, na riba imenikaa kooni?"

Utafiti wa binti ulidai jambo moja: serikali ikibana matumizi yake, na benki kuu ikapandisha riba wakati huohuo, bei hutulia ndani ya miezi sita. Aliufuatilia katika masoko matatu, na mawili kati yake yalikuwa ya Bwana Bei. Mwezi wa tatu bei zikapanda. Wa nne zikapanda tena. Akampigia simu akilia.

"Zisiposhuka, mkurugenzi wetu anaufunga utafiti. Miaka minne yangu, mpenzi!"

"Zitashuka. Futa machozi."

Zikashuka kweli. Ripoti ikasifiwa, wizara ya fedha ikaisoma, na kwa kuwa unga ulionekana umetulia, ruzuku ya unga ikaondolewa. Wiki hiyo Bwana Bei akamletea pete, naye akaivaa kwenye mkufu, ndani ya blauzi, watu wasiione. Hakuwahi kuwa na furaha kama ile.

Kisha dada yake akapiga simu.

"Mdogo wangu, nyie wasomi mmesema unga umetulia. Umetulia wapi? Wanangu wanakunywa uji wa maji siku ya tatu leo."

"Dada, namba zinaonyesha..."

"Namba haziliwi! Njoo uone."

Alikwenda soko namba nne bila kumwambia mtu, akiwa na nakala ya fomu ya mwezi uliopita. Akauliza bei ya unga, muuzaji baada ya muuzaji. Wote walimwambia haijashuka tangu mwaka uanze, mwezi uliopita ulikuwa mbaya kuliko yote. Wanawake wawili walikuwa wakigawana pakiti moja kwa kikombe.

Alimkuta Bwana Bei chumbani kwake, akipiga pasi.

"Ulishusha bei kwenye fomu."

Hakukana. Alichomoa pasi, akaketi kitandani.

"Ulikuwa unalia. Nikapunguza kidogo. Mwezi uliofuata nikapunguza tena. Nilitaka uwe sahihi, basi."

"Umenivisha kilemba cha ukoka! Watu wanalala njaa kwa ripoti yenye jina langu!"

"Sikujua watagusa unga. Naapa, mpenzi, sikujua."

"Usiniite mpenzi."

Alimchukia, na alimpenda vilevile, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Bwana Bei akavuta mkoba chini ya kitanda, akatoa daftari.

"Bei za kweli ziko humu zote. Wapelekee. Bila hili hawatakuamini."

"Na wewe?"

"Kughushi takwimu ni jela. Najua. Twende kesho, nikusindikize."

Asubuhi walipanda ngazi za benki kuu bila kushikana mikono. Yeye akaingia kwa mkurugenzi, Bwana Bei akabaki kwenye benchi la ukumbini. Mkurugenzi alisoma daftari, kisha akafunga mlango.

"Ripoti tutaiondoa. Ruzuku itarudi, ila itachukua miezi miwili. Kijana tutamkabidhi polisi. Wewe umedanganywa tu, kazi yako ipo salama." Akashika kalamu. "Nikiandika kwamba humfahamu mtu huyu, nitakuwa nimekosea?"

Kwa swali hilo mkurugenzi alikuwa anamfungulia mlango wa kutokea, naye binti aliuona. Akatoa mkufu ndani ya blauzi, akavua pete, akaivaa kidoleni.

"Andika kwamba ni mchumba wangu."

"Binti, fikiri."

"Nimefikiri. Nilililia namba nzuri, zikaja, na mimi sikuuliza zimetoka wapi. Andika."

Alipotoka, Bwana Bei alisimama. Akaiona pete kidoleni, uso ukamsawijika.

"Umefanya nini, mwenzangu? Nimekuja hapa ili upone!"

"Sijakusamehe," alisema, akaketi kwenye benchi. "Kaa."

Akakaa. Binti akamshika mkono mbele za watu kwa mara ya kwanza, na hakuuachia mpaka askari walipofika.