Glasi Moja ya Brandi

Mzee Kengele alikufa akiwa na leso ya mezani shingoni. Inspekta alimkuta chali kati ya meza na dirisha, vifungo vya shati vimefunguliwa na wahudumu wa gari la wagonjwa, kiatu kimoja kimemtoka. Mlo wa sikukuu ulikuwa bado unanukia. Samaki alibaki mifupa, paja la mbuzi la kuoka lilikuwa limeliwa nusu, na keki ndiyo kwanza imeguswa na kisu.

Chupa zilikuwa nne. Inspekta alizitazama kwa muda mrefu kuliko alivyomtazama marehemu.

Kituoni walimwita Wasiwasi, kwa sababu hakuweza kufunga mlango bila kurudi kuujaribu, na jalada alilolifunga jioni alilifungua tena asubuhi. Hakuwakasirikia. Wasiwasi ndiyo akili, aliwajibu, ila waliosema hivyo hawakutaja unavyomnyima mtu usingizi.

"Muuaji ni huyu!" Mdogo wake marehemu alikuwa ameshika mlango kwa mikono miwili kana kwamba nyumba nzima ingekimbia. "Ndiye aliyechagua vinywaji, ndiye aliyemimina. Mnangoja nini?"

Aliyenyooshewa kidole alikuwa amesimama kando ya kabati, kizibuo bado mkononi. Alikuwa mchumba wa binti pekee wa Mzee Kengele, na kazi yake ilikuwa kuchagulia wageni divai katika hoteli moja kubwa. Mlo huu ulikuwa wa wazazi wa pande mbili kufahamiana kabla ya harusi. Sasa wazazi wa kijana walikuwa wamekaa kibarazani bila kusemeshana, na bintiye marehemu alikuwa amejifungia chumbani.

"Vinywaji ulichagua wewe?" aliuliza inspekta.

"Mimi na mama mkwe. Tulikwenda dukani pamoja."

"Nitajie."

"Divai nyeupe kwa samaki. Nyekundu kwa nyama. Brandi ya kumalizia." Kijana aliinyooshea chupa ya mwisho kizibuo. "Hii ya nne haina kileo. Ni ya baba mkwe. Pombe aliiacha tangu mwaka jana."

"Nani alionja kwanza?"

"Mimi, chupa zote. Anayemimina huonja kabla ya mgeni. Ndiyo kazi yetu."

"Na marehemu alikunywa ipi?"

"Hiyo yake tu."

Alijibu upesi mno. Inspekta alivaa glovu, akapiga magoti kando ya dirisha. Palikuwa na chungu kikubwa cha maua, udongo wake umefunikwa ukoko wa kijivu ambao alidhani ni mbolea. Nyuma ya chungu hicho, chini ya pazia, kulikuwa na glasi ndogo iliyoviringika. Aliinusa. Kilichomkaribisha puani kilikuwa brandi, wala haikuhitaji mtaalamu wa hoteli kuitambua.

Aliitia glasi katika mfuko wa vielelezo, akaenda jikoni.

Mjane alikuwa ameketi juu ya kigoda, kisu cha keki mapajani.

"Pole sana, mama."

"Nimeshapoa, mwanangu."

"Ilikuwaje?"

"Nilikuja huku kuchukua sahani za keki. Niliporudi nikamkuta uso umemwiva, anatweta, anatapika. Akaanguka." Alikipangusa kisu kwa kanga, upande mmoja, kisha upande wa pili. "Nilikuja kuchukua sahani tu."

"Alikuwa na ugonjwa wowote? Dawa anazotumia?"

"Hakuna."

Kijana alipelekwa mahabusu kabla jua halijatua. Mkuu wa kituo alimwita inspekta ofisini na kuongea huku simu yake ikilia mfululizo. "Mdogo wa marehemu anajuana na watu. Kesho mchana huyo kijana asomewe shtaka la mauaji. Wasiwasi wako uumalize asubuhi."

Inspekta aliitikia shingo upande. Aliwahi kuona kesi ya haraka ikimla mtu asiye na hatia, na mtu huyo alipotoka jela hakuwa yule aliyeingia.

Asubuhi alimkuta daktari wa uchunguzi wa maiti akinywa chai ya rangi mlangoni pa maabara.

"Usinitazame hivyo," alisema daktari. "Mimi nimeiacha familia yangu mezani kwa ajili yako. Na mkemia amekuja ananuna mpaka darubini zinamwogopa."

"Kuna sumu?"

"Hakuna. Chupa zote safi. Moyo wa mzee ulikuwa umechoka, lakini ungemfikisha mbali. Nimekuta pombe kidogo, kiasi cha glasi moja ndogo."

"Glasi moja inaua?"

"Haimuui mtu aliyekunywa miaka thelathini. Kuna kitu ndani yake kilichopigana na hiyo glasi. Nikijua ninachokitafuta, nitakupa leo. Nisipojua, tutaonana sikukuu ijayo."

"Wahudumu wa gari la wagonjwa hawakugundua?"

"Waliuliza mara mbili anatumia dawa gani. Wakaambiwa hakuna. Wakadhani ni mzio, wakamtibu mzio. Wangejua wanapigana na nini, pengine tungekuwa tunaongea naye wodini. Nasema pengine."

Maneno hayo yalimfuata inspekta hadi kituoni. Alitaka kukimbia, ila hakujua akimbilie wapi.

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza moja na viti vitatu, kimoja kibovu. Sajenti alikikalia kibovu kwa kuwa ndiye aliyechelewa. Kijana aliletwa akiwa na shati lile lile jeupe la kuhudumia, sasa limekunjamana mgongo mzima.

Inspekta aliiweka glasi mezani, ndani ya mfuko wake.

"Unaijua?"

Kijana alishusha mikono chini ya meza.

"Ina alama za vidole vyako na za marehemu. Ina brandi. Jana ulisema alikunywa ile isiyo na kileo tu."

"Nilidanganya, afande."

"Kwa nini?"

"Nilimwapia mama mkwe."

"Ulimwapia nini?"

Kijana alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Dukani, nilipochukua brandi, aliikataa. Si kukataa kwa kawaida. Alitetemeka mpaka mwenye duka akampa kiti. Nikamwambia baba yangu hawezi kumaliza mlo wa sikukuu bila brandi, na mzee ana chupa yake mwenyewe, kuna hofu gani? Akasema, 'Basi niapie hutamtilia hata tone.' Nikaapa."

"Kisha ukamtilia."

"Aliniomba yeye! Aliniita pembeni kabla ya kula. Akasema, 'Mwanangu, baba yako akiinua brandi, mimi nitainua juisi kama mtoto? Mama akienda jikoni, nitilie kidogo, nigonge glasi na mzazi mwenzangu mara moja tu.' Nikamwambia haiwezekani. Akanicheka. Akasema, 'Usiogope. Uji wa leo nimeyanywesha maua. Kesho narudi kwenye uji wangu.'"

Sajenti aliacha kuandika. "Uji na brandi wapi na wapi?"

"Sijui. Mzee alikuwa mtu wa utani. Nilidhani ni utani wa wazee." Aliusogeza mfuko wa glasi mbali naye. "Afande, niambie ukweli. Nimemuua mimi?"

Inspekta alikuwa amekwisha kusimama. Ule ukoko wa kijivu kwenye chungu cha maua ulikuwa umemjia mbele ya macho, naye alijilaani kwa kuuita mbolea. Alifika nyumbani kwa marehemu kabla sajenti hajapata hata nafasi ya kufunga mkanda vizuri. Walikwangua ukoko wote, wakautia kwenye kichupa. Ulikuwa uji mkavu. Sajenti alitumwa nao maabara kwa pikipiki, na inspekta alibaki ndani ya gari, simu mkononi, akiitazama saa ikisogea kuelekea mchana wa mkuu wa kituo.

Simu ilipolia aliipokea kabla ya mlio wa pili.

"Sasa unasema lugha ninayoielewa," alisema daktari. "Uji una dawa ya kumkinaisha mlevi. Ukiwa umeimeza, pombe kidogo tu inakugeukia. Uso unaiva, moyo unakwenda mbio, unatapika. Mtu mwenye nguvu hupona. Mzee mwenye moyo uliochoka, hapo ni bahati nasibu. Nimeitafuta kwenye damu yake na imo."

"Lakini siku ile hakuunywa uji. Aliumwaga."

"Siku moja si kitu. Dawa hiyo hukaa mwilini hata wiki mbili. Hakuna aliyemwambia?"

Inspekta alikata simu. Alikaa kidogo, kisha akashuka na kubisha hodi jikoni.

Mjane alimwona usoni, akajua. Hakusubiri swali. Alisimama, akafungua kopo la unga, akatumbukiza mkono hadi kwenye kiwiko na kutoa kichupa cha vidonge. Alikiweka mezani taratibu.

"Nilijua utarudi," alisema. "Usiku kucha nilikuwa nasikia gari lako hata lilipokuwa halipo."

"Mama, lolote utakalosema linaweza kutumika mahakamani. Unaweza kukaa kimya."

"Kimya ndicho kilichonifikisha hapa." Aliketi. "Nilikuwa namsagia kimoja kila asubuhi. Nilipewa na ndugu yangu wa hospitali, nikamdanganya kwamba vidonge ni vya jirani."

"Tangu lini?"

"Tangu alipoanguka mbele ya wanafunzi wake, siku ya kuagwa kustaafu. Mwalimu mkuu mzima, kengele mkononi, chini kama gunia. Binti yetu alikuwapo. Nilimwomba aende hospitali, akasema yeye si mgonjwa. Nilimwomba kwa machozi, nikamwomba kwa wazee. Ndipo nikaanza na uji." Kwa mara ya kwanza alitabasamu, na tabasamu hilo lilikuwa gumu kutazama. "Alikunywa pombe, akaugua. Akanywa tena, akaugua. Mara ya tatu akatangaza mtaa mzima kwamba pombe ameiacha kwa nguvu zake mwenyewe. Akawa anatembea kifua mbele. Nikampata tena mume aliyenioa."

"Walipouliza anatumia dawa gani, ulisema hakuna."

"Ndiyo."

"Mara mbili."

"Mara mbili. Alikuwa pale chini, macho wazi, anasikia. Wakwe wamesimama. Ningesema, angejua mbele ya watu wote kwamba hakuacha, aliachishwa. Nikajiambia ni kutapika tu kama siku zile, atainuka. Nilikuwa namlindia heshima yake, mwanangu." Alifunika uso kwa viganja. "Nikailinda mpaka akafa."

"Na yule kijana, mama? Yuko ndani tangu jana."

"Najua. Nilisema asubuhi nitakuja kituoni. Ikafika asubuhi, nikasema mchana. Mwoga haishiwi kesho." Alishusha mikono. "Mtoe. Mwambie binti yangu asimwache kwa ajili yangu."

Inspekta alimpigia mkuu wa kituo papo hapo, mbele yake. Alisema maneno machache: shtaka lisisomwe, kijana aachiwe, anakuja na mtu mwingine. Kwenye simu kulikuwa na kelele nyingi, kisha zikaisha.

Mjane alijitanda kanga, akatoka mbele yake hadi chumba cha kulia. Inspekta aliufunga mlango wa jikoni, akaujaribu, akaondoka, akarudi kuujaribu tena. Safari hii hakikuwa kitasa kilichomrudisha. Kulikuwa na jambo ambalo angeweza kulimeza, na moyo wake ulimwambia alimeze. Lakini lilikuwa limekwisha kuandikwa kwenye maelezo ya kijana, na lingesomwa mahakamani mbele ya watu wasiomjua.

"Mama, kuna neno moja," alisema. "Ni heri ulisikie kwangu, hapa hapa nyumbani."

"Sema."

"Jana mzee aliumwaga uji kwenye maua, makusudi, ili aweze kugonga glasi na mzazi mwenzake. Alimwambia kijana kwamba kesho anarudi kwenye uji wake." Alishusha sauti. "Alikuwa anajua kilichomo, mama."

"Alijua?"

"Alijua. Alikuwa anaunywa akijua."

Mjane aliushika mwimo wa mlango. Alitazama chungu cha maua pale dirishani.

"Kila asubuhi alikuwa analikomba bakuli kwa kidole," alisema hatimaye. "Analigeuza juu chini, ananionyesha. 'Mama, mwanafunzi wako amemaliza.' Nilidhani anapenda uji."

Inspekta aliachia kitasa.

"Na jana, pale chini." Alimgeukia, na sasa macho yake yalikuwa makavu kabisa. "Walipouliza dawa, alinikazia macho. Hakuwa na sauti, lakini hakuyabandua. Mimi nikadhani ananisihi nisimwaibishe."

Alipatazama mahali pale kati ya meza na dirisha.

"Alikuwa anangoja niseme."

Inspekta alimshika mkono, wakashuka ngazi pamoja. Mlango waliuacha wazi.