Breki za Datsun ya Kogo

Alhamisi, tarehe 7 Agosti 2025. Manyunyu yalikuwa yameanza alfajiri, na baridi iliuma vidole. Ukungu ulifunika mashamba ya mahindi hata barabara ya kwenda Cheptiret haikuonekana. Ni milio ya malori tu iliyosikika kutoka huko.

Shule zilikuwa zimefungwa. Jepkemboi, msichana wa miaka kumi na mitatu, alisali kando ya kitanda chake, akakamua ng'ombe wawili na kupeleka maziwa barabarani kwa mnunuzi. Aliporudi alivaa ovaroli kuukuu ya marehemu babu yake, akaikunja mikono mara tatu, akaenda bandani. Huko ndiko Datsun ilikokuwa.

Lilikuwa gari dogo jekundu la spoti, lenye milango miwili na pua ndefu. Babu yake, Mzee Kimutai, alilinunua mwaka wa 1975. Hata hivyo, aliyeliendesha zaidi ni mkewe Eddah, ambaye wajukuu wote walimwita Kogo, yaani nyanya kwa Kikalenjin. Siku hizo wanaume wa sokoni walisimama kumcheka. "Mwanamke na gari la mbio! Fungieni kuku!" walipiga kelele. Kogo aliwapungia mkono na kuwaachia vumbi.

Mzee Kimutai alipofariki, gari lilikaa bandani miaka kumi na miwili, kuku wakitaga kwenye kiti cha dereva. Kisha, mwezi wa Januari, Kogo aliwaita wanawe.

"Nina miaka sabini na mitatu," alisema. "Kabla Mungu hajaniita, nataka kuteremka ule mteremko wa kutoka Iten hadi Tambach kwa dada yangu. Na nitaendesha mwenyewe. Sibebwi kama gunia."

Mwanawe mdogo, Kiplimo, alitikisa kichwa. "Mama, watu wa umri wako hukaa juani wakingoja chai."

"Chai nitaikuta Tambach."

Walibishana hadi Pasaka. Mwishowe walikubaliana hivi: Jumamosi ya tarehe 9 Agosti, familia nzima itakapokusanyika kumkumbuka marehemu, Kogo atajaribu. Akienda na kurudi salama, Kiplimo hatasema neno tena. Gari likishindwa kuondoka siku hiyo, Mungai, muuzaji wa vipuri mjini Eldoret, atalichukua akalivunjevunje. Kogo alikubali mbele ya wanawe wote. Kwake, neno lililosemwa mbele ya watu halirudi.

Aliyeitwa kulifufua gari ni Mzee Idris, fundi aliyetengeneza malori ya Lodwar kwa miaka arobaini. Kogo alimpa sharti moja: amfundishe Jepkemboi. Fundi naye alimpa Jepkemboi sharti lake.

"Usimimine kitu usichokijua," alimwambia siku ya kwanza. "Kuuliza si aibu. Aibu ni gari kuwa mtaroni."

Kwa zaidi ya miezi mitatu msichana huyo alisugua kutu, akabadilisha mipira, akajifunza kulala chali chini ya gari bila kuogopa. Alhamisi hiyo kazi ilikuwa karibu kwisha. Mzee Idris aliondoka mapema kwa sababu ya mvua.

"Kesho asubuhi tutaongeza mafuta ya breki," alisema. "Yamepungua kidogo. Uningoje."

Mlangoni alikuwa ameketi Emmanuel, mtoto wa Kiplimo, mwenye miaka kumi na mitano. Alikuwa akila hindi la kuchoma.

"Umesikia, injinia?" alisema. "Hata kumimina hujaaminiwa. Kazi yako ni kufagia."

"Nyamaza, Emmanuel."

"Mimi nasema ukweli tu. Msichana wa garage! Jumamosi Mungai akija, umsaidie kufungua nati. Hizo unaziweza."

Jepkemboi alihisi uso ukiwaka moto. Alinyanyuka, akaenda kwenye rafu, akachukua chupa ya soda iliyokuwa na mafuta ya rangi ya asali. Alifungua boneti, akamimina kwenye kitangi cha mafuta ya breki hadi kwenye alama.

"Umeona sasa?" alimwambia. "Kufagia ni kwako."

Emmanuel alicheka akaenda zake. Jepkemboi alifunga boneti kwa kishindo, akajiona mshindi.

Ijumaa Mzee Idris alipokuja, alitazama kitangi hicho na kushangaa.

"Nani amejaza?"

"Mimi, Fundi."

"Sikukwambia uningoje? Ulitumia mafuta ya breki, ule mkebe mpya niliouweka rafuni?"

Emmanuel alikuwa amesimama palepale mlangoni, akisikiliza. Jepkemboi hakuthubutu kusema kwamba hakujua alichomimina.

"Ndiyo," alijibu.

Mzee Idris hakuuliza tena, maana alimwamini. Alikanyaga pedali ya breki mara tatu, ikawa ngumu kama inavyotakiwa, akaridhika.

Saa sita, akipanga rafu, Jepkemboi aliushika ule mkebe mpya. Kifuniko chake hakikuwa kimefunguliwa kamwe. Alinusa ile chupa ya soda. Yalikuwa mafuta ya injini.

"Fundi," aliuliza akijifanya anafagia, "mtu akiweka oili ya injini kwenye breki, kunatokea nini?"

"Raba za ndani hufura. Leo breki zinashika vizuri, nawe unafurahi. Kesho kutwa uko kwenye mteremko, unakanyaga, mguu unakwenda mpaka chini na gari halisimami. Kwa nini waulizia?"

"Nilitaka kujua tu."

Mzee Idris akaenda msikitini kwa sala ya Ijumaa. Jepkemboi alibaki ameshika ufagio. Akisema, kazi ya kufungua breki zote ingechukua siku nyingi, Jumamosi ingepita, na Mungai angelichukua gari. Asiposema, Kogo angeteremka Tambach akiwa na breki hizo. Alijiambia kwamba yalikuwa mafuta kidogo tu. Alijiambia kwamba pedali bado ni ngumu. Jioni alipiga magoti kusali, lakini kila alipofika "utusamehe makosa yetu", ulimi ulikwama.

Jumamosi anga lilikuwa safi na jua liling'aa juu ya mahindi. Watu wapatao thelathini walijaa uani, Mzee Idris akiwa miongoni mwao. Mungai alikuwa amekwisha kufika. Aliegemea pikapu yake langoni, kamba begani.

Kogo alitoka akiwa amevaa gauni lake la kanisani na kitambaa cheupe kichwani. Aliketi kwenye usukani. Kabla ya kuwasha gari aliinamisha kichwa, na watu wote wakanyamaza.

"Ee Bwana," alisali, "umenilinda tangu ujana wangu. Nilinde na leo. Nakushukuru kwa mikono ya mtoto huyu Jepkemboi. Ulimpa akili, ukampa bidii, ukampa moyo usiodanganya. Amina."

"Amina," waliitikia watu.

Jepkemboi hakuweza kuitikia. Injini iliwaka, watoto wakashangilia. Gari lilipoanza kusogea, alikimbia akasimama mbele yake, akaweka viganja vyote viwili juu ya boneti.

"Simama, Kogo! Usiende!"

Kogo alikanyaga breki, gari likasimama. Alitoa kichwa dirishani.

"Jepkemboi? Na wewe pia unasema nimezeeka?"

"La, Kogo. Gari ndilo baya."

"Baya vipi? Limesimama, hujaona? Toka njiani."

"Sitoki."

Watu waliguna. Hakuna mtoto aliyewahi kumjibu Kogo hivyo mbele ya wageni. Kiplimo alimjia kwa hasira.

"Wewe mtoto, nyanya yako amesema nini?"

"Baba Mdogo, hata ukinichapa sitoki. Alhamisi nilimimina oili ya injini kwenye breki. Fundi aliponiuliza, nikamdanganya. Kogo akiteremka nalo atakufa." Machozi yalimtoka, lakini hakuondoa mikono kwenye boneti. "Nimesema. Sasa zimeni injini."

Kogo alizima injini.

"Si nilisema?" Emmanuel alianza. "Msichana wa—"

"Funga mdomo!" Mzee Idris alimkatiza. Alimgeukia Jepkemboi. "Lete spana ya kumi na mbili na ile ya kumi."

Alifungua boneti. Jepkemboi alimpa spana moja baada ya nyingine. Baada ya muda fundi alitoa silinda kubwa ya breki, akaivuta raba ya ndani, akaiweka kiganjani. Ilikuwa laini na imefura, kama haragwe lililolala majini. Kando yake aliweka raba mpya ya namba ileile. Ile ya kwanza ilikuwa kubwa zaidi, na kila mtu aliona.

"Hii ingevumilia hadi Iten," alisema. "Baada ya kona ya pili ya mteremko, wallahi, sijui."

Kiplimo aliichukua raba ile, akaibonyeza kwa kidole.

Kogo alishuka garini polepole. Alimwendea mwanawe, akamnyooshea ufunguo.

"Chukua, Kiplimo. Nilisema lisipoondoka leo litakwenda na Mungai. Halikuondoka. Sitavunja neno langu kwa kuwa limeniuma."

"Kogo, la!" Jepkemboi alilia. "Kosa ni langu!"

Kiplimo hakuupokea ufunguo. Alikuwa bado anaitazama raba.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "ningekuwa nyuma yako na watoto kwenye pikapu yangu. Ningekuona ukishuka lile bonde, nami sina la kufanya." "Neno ulinipa mimi, na mimi nakuachilia. Weka ufunguo wako."

Alikwenda langoni. "Mungai, ndugu yangu, kunja kamba yako."

"Nirudi Krismasi?" Mungai aliuliza.

"Hata Krismasi ya mwaka 2050 usirudi."

Watu walicheka, na wengine wakapangusa macho. Mzee Idris hakucheka. Alimwita Jepkemboi kando.

"Jana nilikuuliza, ukanidanganya."

"Ndiyo, Fundi. Nisamehe."

"Oili ni kosa la mkono, na la mkono tunalitengeneza kwa spana. Kunidanganya ni kosa la moyo. Hilo umeanza kulitengeneza mwenyewe leo, na halina njia ya mkato. Jumatatu saa moja uwe hapa. Kila bomba la breki utalisafisha wewe. Kila raba utaibadilisha wewe."

"Nitakuja saa kumi na mbili."

"Nimesema saa moja. Mimi ni mzee, nahitaji usingizi."

Kazi ilichukua karibu wiki mbili. Walifungua magurudumu yote manne, wakasafisha mabomba kwa spiriti, wakatupa kila raba iliyokuwa imeguswa na oili. Siku ya kutoa hewa kwenye breki alihitajika mtu wa kukanyaga pedali. Emmanuel alijitokeza, akajikuna kichwa.

"Nikanyage?"

"Kanyaga. Shikilia. Achia," Jepkemboi aliamuru kutoka chini ya gari. "Tena. Usile hindi ukiwa kazini."

"Sawa, injinia," alisema Emmanuel, na safari hii hakuwa akimcheka.

Jumamosi ya tarehe 23 Agosti, Kogo Eddah aliwasha Datsun, Jepkemboi akiwa kando yake. Walipita Eldoret, wakapita Iten, wakafika ukingoni ambapo ardhi inakatika na bonde la Kerio linafunguka chini. Kiplimo aliwafuata na pikapu iliyojaa jamaa, pamoja na Mzee Idris. Kogo aliweka gia ya pili, akaingia mteremkoni. Kwenye kona ya kwanza alikanyaga breki, gari likatii. Kwenye kona ya pili likatii pia. Wanaume wawili waliokuwa kando ya barabara waliduwaa kumwona mama mzee kwenye gari la spoti. Kogo aliwapigia honi ndefu.

"Bado wanashangaa," alisema. "Miaka hamsini! Hawajachoka tu?"

Walipofika Tambach, dada yake Kogo alitoka mbio jikoni, mwiko ukiwa bado mkononi. Jamaa walishuka, majirani wakaja, chai ikamiminwa. Baada ya sala ya shukrani Mzee Idris aliombwa aseme neno. Alisimama akiwa na kikombe.

"Mimi si msemaji," alianza. "Lakini watoto sikilizeni. Jepkemboi ni mkaidi. Siku ya Alhamisi ukaidi wake ulimfanya amimine asichokijua, kwa sababu alitaka kumshinda mtu aliyemcheka. Siku ya Jumamosi ukaidi uleule ulimsimamisha mbele ya gari, mbele ya wazee, akasema ukweli ambao ungeweza kumnyang'anya alichokipenda. Simwambii autupe ukaidi wake. Namwambia autumie kusimama upande wa kweli. Mtu anayeficha kosa ili aonekane hodari, kosa linabaki palepale, nalo huwasubiri wengine mteremkoni."

"Njia ya mwongo ni fupi," Kogo aliongeza. "Yangu ingeishia kona ya pili." Akamgeukia mjukuu wake. "Sasa wewe. Simama, sema mbele ya watu hawa. Katika nyumba yetu, linalosemwa mbele ya watu halirudi."

Jepkemboi alisimama. Kucha zake zilikuwa bado nyeusi kwa grisi, lakini hakuzificha. Aliwatazama Kiplimo na Emmanuel, akamtazama fundi, kisha akainua uso.

"Mimi Jepkemboi, naahidi mbele ya Mungu na mbele yenu nyote. Nisilolijua nitauliza, hata mkinicheka. Nikikosea nitasema mapema, kabla injini haijawashwa. Na hakuna atakayenitoa kwenye kazi hii kwa sababu mimi ni msichana."

"Tumesikia!" walijibu watu wote.