Ruka Bwana, Watu Wanangoja

Kompyuta ya studio ya picha ilianza kuomba ukaguzi kila asubuhi. Ukiiwasha tu, kioo cheusi, maandishi meupe: diski inahitaji kukaguliwa, bonyeza kitufe chochote kuruka.

Studio ilikuwa ya ndugu wawili wa kike, na mdogo mtu hakuwa na subira hata ya kungoja chai ipoe. Wateja wa picha za pasipoti wamejaa mlangoni, yeye aisubiri mashine? "Ruka bwana, watu wanangoja," husema, huku anagonga kitufe.

Dada mtu hakupenda. Alianza kusikia mkwaruzo ndani ya mashine, kama kucha juu ya bati, unaokoma kila akiusogelea. Ikafuata harufu ya nywele zilizoungua.

"Hii mashine siiamini," alisema.

"Vumbi tu, dada."

Mdogo mtu alijibu bila kugeuka. Tangu hapo dada mtu akaanza kumtilia shaka ndugu yake wa damu, maana siku hizo alikuwa hali chakula, hapigi miayo, wala hapepesi macho, na mkwaruzo nao ulikuwa umenyamaza kabisa, ukimya ambao ulimtisha kuliko kelele yenyewe.

Akamwita fundi wa kompyuta.

"Mkibonyeza hapa, mnasema nini?" fundi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ruka," dada mtu akanong'ona.

"Mnamwambia nani?"

Fundi akauacha ukaguzi uende mpaka mwisho. Diski ilikuwa safi.

"Kilichokuwemo hakimo tena," alisema, akikusanya vifaa vyake haraka haraka. "Mmekiambia kiruke, kimeruka." Akaondoka bila kuaga.

Dada mtu akabaki na mdogo wake, ndugu pekee aliyebaki naye duniani, na kwa hofu ya kumpoteza akamuuliza: "Mama alikuwa anakuitaje ulipokuwa mtoto?"

Mdogo mtu alitulia wima, mikono imelala mezani, na macho yake yakawa yanakwenda kushoto kulia, kushoto kulia, taratibu, bila kumtazama mtu, hadi yakasimama.

"Kibonge."

Ndilo lenyewe. Dada mtu akashusha pumzi, machozi yakimlengalenga.

"Kuna kingine," mdogo mtu akauliza kwa upole, "unataka nikutafutie humu?"