Pini Mahali pa Chaki

Kila siku akitoka shule, Kidoti alipitia kwanza dukani kwa shangazi yake, fundi cherehani. Alivua viatu mlangoni, akachukua sumaku na kuokota pini zilizodondoka sakafuni, kisha akafagia vipande vya vitambaa na kuvitia kwenye gunia. Jina la Kidoti alilipata kwa alama nyeusi iliyokuwa kidevuni mwake, na lilimkaa hata walimu wakawa wanamwita hivyo hivyo.

Wiki ile kazi yake iliongezeka. Redio ilikuwa imetangaza kwamba kimbunga kimezuka baharini, mbali sana upande wa mashariki. Shangazi akabandika ramani ukutani, juu ya meza ya kukatia nguo. Kila taarifa ya hali ya hewa iliposomwa, Kidoti alisikiliza latitudo na longitudo, akatafuta mistari inapokutana, akachomeka pini ya kichwa chekundu. Halafu alivuta uzi mweusi kutoka pini ya mwisho hadi hiyo mpya, ili kila mtu aone kimbunga kilikotoka.

"Lakini sikiliza vizuri," shangazi alimwambia siku ya kwanza. "Pini ni ya kile ulichosikia kwa masikio yako. Ukitaka kubahatisha kitakwenda wapi, chukua chaki yangu uchore. Chaki inafutika."

Kidoti alielewa mara moja, maana ndivyo shangazi alivyoshona. Kwanza alichora kwenye kitambaa kwa chaki, akapima tena, akafuta, akachora upya. Akishakuwa na hakika ndipo anachomeka pini, na mkasi wake hufuata pini. Kitambaa kikishakatwa, basi tena.

Ramani ile ilimpa Kidoti umaarufu. Kinyozi wa mlango wa pili alipitia asubuhi na jioni kuitazama, na fundi viatu wa mbele ya duka naye hakukosa. Kinyozi aliapa kuwa kimbunga kitapinda kaskazini, kwa sababu goti lake la kushoto lilikuwa linauma. Fundi viatu akasema kitachoka na kufia baharini, na kwamba goti la kinyozi linauma kwa uzee tu. Walipomaliza kubishana walimgeukia Kidoti.

"Haya, Mkurugenzi wa Hali ya Hewa," kinyozi alisema, "mgeni wetu amelala wapi leo?"

Kidoti alionyesha kwa kidole, na watu wazima wakanyamaza kumsikiliza. Nani asiyependa kusikilizwa? Binti wa watu kichwa kikaanza kuvimba. Akaanza kutembea na chaki mfukoni, na kwenye bomba la maji akawaeleza wenzake habari za kimbunga kana kwamba yeye nacho wamekula sahani moja.

Siku ya Alhamisi shule zilifungwa kwa tahadhari. Baba yake Kidoti, aliyekuwa dereva wa gari dogo la mizigo, alikuja kuchukua sare za wanafunzi wa shule ya bweni iliyokuwa ng'ambo ya bonde. Redio ya gari lake ilikufa siku nyingi, kwa hiyo habari zake zote za kimbunga alizipata kwenye ramani ile.

"Kaka, usitoke kabla ya taarifa ya mchana," shangazi alimwambia. "Kisipopinda, hizi sare zitasubiri."

Shangazi alikuwa anamalizia kola za mwisho, na cherehani ilipiga kelele mle ndani hata mtu hasikii la mwenzake. Akamtuma Kidoti nje na redio. "Kaa pale barazani, usikilize, uje utuambie."

Kidoti akaenda kukaa kwenye benchi la kinyozi, redio mapajani. Mabishano ya kinyozi na fundi viatu yalikuwa yamepamba moto. Wakamuuliza yeye anaonaje. Kidoti akasimama juu ya benchi, redio akaiweka chini, akaanza kueleza kwa mikono yote miwili jinsi uzi ulivyoanza kuinama tangu jana, na kwamba kwa maoni yake kimbunga kitapinda kwenda kusini. Alieleza, akaulizwa, akaeleza tena. Alipoinama kuongeza sauti ya redio, muziki ulikuwa unapigwa. Taarifa ilikuwa imeshapita.

Angeweza kusema, "Samahani, imenipita." Lakini kinyozi alikuwa ametoka kumwita Mkurugenzi mbele za watu, na Kidoti akaona haya. Akaingia ndani polepole, akiomba wasimuulize.

Baba alikuwa amesimama na ufunguo wa gari mkononi. "Enhe, binti yangu. Kimepinda au hakijapinda?"

"Kimepinda," Kidoti akasema. "Kinakwenda kusini."

Shangazi akatoa mguu kwenye pedali ya cherehani. "Redio imesema hivyo?"

"Ndiyo, shangazi."

Mkono wake ukaenda kwenye kikopo cha pini, chaki ikabaki mfukoni. Akachomeka pini mahali alipodhani kimbunga kingekuwapo, akavuta uzi. Baba akampapasa kichwa, akapakia magunia ya sare na kuondoka. Nje kinyozi, aliyekuwa ameanza kupigilia mbao kwenye dirisha lake, aliposikia hivyo kwa baba, akaweka nyundo chini na kusema hana misumari ya kuchezea.

Mchana ulivyoendelea, mbingu ilinuna. Mvua ikaanza, kisha upepo ukaigeuza ikawa inakuja kwa ubavu. Shangazi akavuta mlango wa chuma. Umeme ukakatika. Mle ndani kukabaki joto, harufu ya vitambaa vipya, na mwanga kidogo uliopenya chini ya mlango. Redio ya betri ilikuwa inakwaruza.

"...kimbunga hakijabadili mwelekeo," sauti ilisema. "Kinaendelea kulekule..." Halafu mkwaruzo ukaimeza.

"Afadhali," shangazi akashusha pumzi, akaitazama pini. "Kinaendelea kusini."

Kidoti akaitazama ramani. Yeye ndiye mtu pekee mle ndani aliyejua kulekule ni wapi. Uzi wa kweli, ule wa kabla ya pini ya uongo, bado ulikuwa unaelekea kwao.

"Shangazi," akaanza.

"Abee."

"Hakuna kitu."

Akaanza kukunja vitambaa vilivyokuwa vimeshakunjwa. Mlango ulikuwa na komeo ambalo hata mtoto angelifungua, lakini Kidoti alijiona amefungiwa. Akisema, shangazi atamwonaje? Kinyozi atamwonaje? Kila dakika aliyonyamaza ikafanya ile iliyofuata iwe ngumu zaidi, na upepo nao ukazidi kulitikisa bati la kibaraza.

Simu ya shangazi ikaita. Ilikuwa sauti ya baba, na ilisikika mpaka alipokaa Kidoti. "Nimeshusha mzigo. Naanza kurudi. Nitapita bondeni, njia ya juu inanichelewesha."

"Pita tu, kaka. Kimbunga kinakwenda zake kusini."

Simu ikakatwa. Kidoti aliijua njia ya bondeni. Daraja lake lilikuwa chini, na hata mvua za kawaida zilipolipiga, maji yalipita juu yake. Akaliona gari la baba, lile dogo lenye taa moja hafifu, likiteremka kuelekea darajani kwa sababu ya pini.

"Shangazi, ile pini ni ya uongo."

Shangazi akageuka. "Unasemaje?"

"Sikusikia taarifa. Nilikuwa naongea na akina kinyozi, ikanipita. Nilibahatisha." Machozi yakaanza kumtoka. "Kinakuja huku, shangazi. Na baba anapita bondeni."

Shangazi hakumgusa wala hakumfokea. Alipiga simu ya baba, haikupatikana. Akapiga tena, ikawa vilevile. Akampigia mwalimu mkuu wa shule ya bweni, akamweleza kwa maneno machache.

"Gari lake ndiyo kwanza linatoka," mwalimu mkuu akasema. "Ngoja nimpigie kelele mlinzi afunge ge..."

Simu ikanyamaza. Mtandao ulikuwa umekufa.

Shangazi akakitazama kioo cha simu, kisha akamtazama Kidoti. "Njoo," akasema. "Kuna wengine walioifuata pini yako."

Wakatoka wameshikana mikono, wakijibana ukutani. Shangazi alibisha hodi, lakini maneno alimwachia Kidoti. Kinyozi akafungua, taulo begani.

"Redio haikusema kusini," Kidoti akasema. "Nilidanganya mimi. Kimbunga kinakuja huku."

Kinyozi, mtu asiyekosa mzaha hata msibani, alimtazama tu. Kisha akaokota nyundo yake. Fundi viatu naye akaambiwa vilevile. Walipigilia mbao zote walizoweza, na kwa kuwa duka la shangazi ndilo pekee lenye paa la zege, wote wanne wakajifungia humo.

Kilichofuata Kidoti hakutaka kukisimulia hata alipokuwa mkubwa. Upepo ulinguruma, mabati ya watu yakaruka na kugonga kuta, maji yakaanza kuingia chini ya mlango. Hakuna aliyemgombeza, na hilo lilimuumiza kuliko fimbo. Mara moja tu fundi viatu aliuliza, "Kwani kaka yako yuko wapi?" Shangazi akakaza macho kwenye mlango, na swali hilo halikuulizwa tena.

Kidoti akalivuta gunia lake la vipande, akapiga magoti majini na kuziba upenyo wa mlango. Kimoja kikisukumwa na maji, aliingiza kingine. Kila alichokishika alikishika akimwaza baba. Je, mlinzi aliwahi? Au gari lilikuwa limeshatoka? Usiku kucha hakuna aliyeweza kumjibu, na hakukuwa na pa kwenda kuulizia.

"Mkurugenzi, ongeza hapa pembeni," kinyozi akamwambia kwa upole. Kidoti aliposikia jina lile akalia kwa kwikwi, lakini mikono yake haikusimama.

Asubuhi upepo ulitulia. Walipofungua mlango, barabara ilikuwa imejaa matawi, mabati na nyaya. Wakakaa barazani wakiitazama barabara. Jua lilikuwa limeshapanda sana Kidoti alipomwona mtu anakuja kwa miguu kutoka njia ya juu, viatu mkononi, suruali ina tope mpaka mapajani. Akakimbia.

"Yule mlinzi alinifungia geti usoni," baba alisema alipokwisha kukaa na kupewa maji. "Nikamtukana mtoto wa watu, nikamwambia kimbunga kiko kusini. Akakataa katakata kufungua. Asubuhi nikaliacha gari shuleni, nikapita kilimani nikachungulia bondeni." Akaweka kikombe chini. "Daraja halipo."

Shangazi akamtazama Kidoti, akangoja. Kidoti akasimama mbele ya baba yake akamweleza yote, kuanzia benchi la kinyozi na pini mpaka simu ya shangazi kwa mwalimu mkuu. Hakujitetea.

Baba akainuka, akaenda kwenye ramani, akaing'oa ile pini na kuiweka kwenye kiganja cha Kidoti. Tundu lake likabaki kwenye karatasi.

"Ungeniambia hukusikia, ningenung'unika kidogo, ningesubiri," akasema. "Hayo tu ndiyo yangekupata. Kubahatisha si kosa, mwanangu. Sisi sote tulibahatisha, hata goti la jirani yetu lilibahatisha. Kosa lako ni kulivisha bahatisho lako nguo za ukweli, nami nikaliamini kwa sababu ni wewe umesema. Mtu anayekuamini amekukabidhi roho yake. Usipojua, mwambie hujui." Akamvuta karibu. "Na jana uliposema kweli, ingawa ulichelewa, ulinirudisha nyumbani. Yakumbuke yote mawili."

Baada ya majuma machache, bati la kinyozi likiwa limerudi mahali pake, redio ikatangaza kwamba kuna kimbunga kingine baharini. Mchana ule watu walijaa barazani. Kinyozi alikuwa anamnyoa mteja, lakini hakuweza kujizuia.

"Haya, Mkurugenzi. Hiki nacho kinaelekea wapi?"

Wote wakamgeukia. Kidoti alikuwa amekaa kwenye benchi, redio mapajani, kikopo cha pini pembeni.

"Sijui," akasema. "Taarifa haijasomwa. Naomba mnyamaze."

Kinyozi akazima mashine yake. Mteja akabaki nusu ya kichwa kimenyolewa na nusu bado, na wote wakasikiliza.